Kitabu cha Singe kwa Anayeanza

Ulimwona. Usijitie hamnazo, ulimwona kwa macho yako mawili. Gari la mizigo lilisimama nje kwa jirani yako, akashuka mwanamume mnene aliyevaa koti la kijani lenye vifungo vinavyong'aa, birika jipya mkononi. Akaingia kwa yule bibi anayeishi peke yake. Baada ya muda akatoka bila birika, kwapani amebana kitu kirefu kilichozungushiwa gazeti. Wewe ulikuwa umesimama barazani. Ukainamia simu yako. Ukajisemea kwamba hiyo ni biashara ya watu, ukarudi ndani kuangalia kama maji yamechemka.

Basi kwa kuwa uligeuza uso, itabidi usimuliwe.

Kile kitu kirefu ndani ya gazeti kilikuwa singe, yaani kile kisu kinachochomekwa kwenye mdomo wa bunduki ili askari aliyeishiwa risasi asije akaishiwa na kazi. Katika mtaa mwingine, ulio nyuma ya karakana ya reli, nyumba nyingi za zamani zilikuwa na singe. Wanaume wa nyumba hizo walichukuliwa wakiwa vijana kwenda kupigana vita vya watu wengine, wakaahidiwa ardhi, pensheni na shukrani. Waliporudi, ardhi ilikuwa imeshagawanywa. Pensheni ilikuwa inashughulikiwa, na mpaka leo inashughulikiwa. Shukrani walipewa uwanjani, kwa hotuba ndefu, mvua inanyesha, hotuba yenyewe ikiwa chini ya mwavuli na wao wakiwa nje yake. Waliokuwa na akili walikuwa wameshajilipa: walirudi na singe ndani ya mguu wa suruali, wakitembea kama wenye jeraha, na kila mtu akawahurumia.

Mwenye koti la kijani hakuwa askari wala serikali. Alikuwa na duka la jumla la vyombo vya nyumbani, na akina mama wa mtaa walimpa jina la Birika. Alikuwa akiwaambia wajane, kwa sauti ya mtu anayewaonea huruma, kwamba kukaa na silaha ya jeshi ni kosa kubwa, kwamba watu wa serikali wangepita nyumba hadi nyumba, na kwamba yeye kwa moyo wake mweupe alikuwa tayari kuwasitiri. Kisha aliacha birika, ili asionekane amechukua bure.

Hivyo ndivyo bibi yake Dibaji alivyopoteza singe ya mumewe.

Na sasa tuje kwa Dibaji mwenyewe. Alikuwa mtu mzima mwenye suti moja na maneno ya suti tano. Amewahi kuwa wakala wa bima ya mazishi, mkalimani wa lugha asiyoijua, na mwakilishi wa kampuni ambayo ilikuwa bado haijaundwa. Jina la Dibaji alipewa na shangazi yake, mjalidi wa vitabu, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kusoma kitabu kikapita dibaji. Mwenyewe alilipenda. Alisema dibaji ndipo mwandishi anapoweka mambo yote mazuri, na kwamba kurasa zinazobaki ni ubishi tu.

Siku jambo hili lilipoanza alikuwa ameegemea meza ya muuza vitabu vya mitumba nyuma ya posta, anasoma dibaji ya kitabu cha ufugaji wa nyuki, pale lile koti la kijani lilipokuja kusimama karibu naye.

"Una kitabu cha singe?" Birika alimuuliza muuza vitabu.

"Nina cha ushonaji. Na hiki cha hesabu, majibu yako nyuma."

"Nimesema singe. Za kijeshi. Kiwe cha mtu anayeanza."

"Anayeanza kuchoma watu?"

"Anayeanza kukusanya," alisema Birika, akajipangusa jasho shingoni. Akaeleza, kwa sababu watu wenye uchungu hueleza hata wasipoulizwa. Alikuwa ametundika singe zake kwenye ukuta wa sebule. Juzi alikaribisha mgeni mmoja aliyefikia hoteli ya karibu na kituo, mnunuzi wa vitu vya kale, anayevijua vizuri. Mgeni akautazama ukuta, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Akamwambia mtu mwenye busara hununua vitabu kwanza na singe baadaye. "Tangu siku hiyo silali. Nitajuaje ipi ya thamani na ipi ni takataka? Wale vikongwe si watu wa kuaminika. Huenda wameniuzia takataka."

Dibaji alihisi damu inapanda. Bibi alikuwa amemweleza lile koti kifungo kwa kifungo. Mtu mwingine angemkaba tajiri yule palepale kati ya vitabu vya ushonaji na hesabu. Dibaji hakuwa mtu mwingine. Alifungua ukurasa wa pili wa dibaji ya nyuki, akasema bila kuinua macho:

"Hapa hutakipata, Mzee."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nimeshindwa tu kuvumilia kusikia mtu mzima akitafuta kitabu cha rejea kama anayetafuta nyanya. Kitabu unachokitaka kipo kimoja. Nimekishika kwa mikono hii. Kina michoro, vipimo, alama za viwanda, ipi ya kweli na ipi ya bandia. Lakini mwenyewe hauzi."

Birika akamtazama suti, akamtazama viatu, akamtazama tena suti.

"Kila kitu kinauzwa," alisema.

"Ndiyo maana nimekwambia hakiuzwi," Dibaji alijibu, akaweka kitabu cha nyuki mezani kwa heshima zote. "Siku njema, Mzee."

Alitembea hatua za mtu asiye na haraka. Kabla hajafika kona ya posta alisikia pumzi nzito nyuma yake. Samaki alikuwa anaifuata ndoano kwa miguu.

*

Nyumba waliyoishi ilikuwa na chumba cha mbele, ambako Shangazi alifanyia kazi, jiko ambako Bibi alitawala, na chumba cha uani ambako Dibaji alilala pindi biashara zake zilipokwenda mrama, yaani mwaka mzima. Shangazi alikuwa na jiliwa la kubania vitabu, nyundo ya mbao, uzi uliopakwa nta, na mashine ndogo ya chapa ya kuendeshwa kwa mkono. Mashine hiyo aliipata kiwanda cha chapa kilipofungwa na wenye kiwanda wakaondoka bila kuwalipa wafanyakazi. Aliichukua kidogo kidogo, kipande kwa kipande, ndani ya kikapu cha mboga. Damu ya babake ilikuwa haijampotea.

Dibaji alimweleza mpango huku amekaa juu ya rundo la majalada.

"Tunatengeneza kitabu. Cha zamani, kimechoka, kinanuka ghala. Kinasema singe yoyote yenye pete ya mviringo ya kuvikwa mtutuni, na mfuo, yaani ule mfereji wa ubavuni, ulionyooka, ilitengenezwa kwa ajili ya michezo ya kuigiza. Bandia tupu."

"Mitutu ya bunduki zote ni mviringo," alisema Shangazi. "Ina maana karibu kila singe duniani ni ya bandia."

"Ndiyo uzuri wake. Na kinasema singe adimu kuliko zote ni yenye mfuo wa kupindapinda kama nyoka. Hizo fundi wa springi za malori ameshakubali kunifulia dazeni moja."

"Na ya Baba?"

"Ya Babu ndiyo ya kwanza kurudi, Shangazi. Nakula yamini. Tajiri akishaona ukuta wake ni takataka, ataitupa yote. Mimi nitakuwepo na gunia."

Jikoni kitu kikaanguka kwa kishindo. Lilikuwa dirisha. Kwa miaka mingi Bibi alikuwa akilishikiza dirisha la jikoni kwa singe ya mumewe, ambayo pia ilimsaidia kuchimbia bustani na kuchochea moto, na mara moja iliua nyoka. Tangu singe iondoke alikuwa analishikiza kwa fimbo, na fimbo haikuwa na nidhamu ya kijeshi.

"Mume wangu," Bibi alimwita mjukuu wake kutoka jikoni, kama anavyomwita siku zote, "njoo ulipe vidole vyangu. Mume wangu wa kweli aliondoka, singe ikabaki. Wewe wa bandia umebaki, singe imeondoka."

"Itarudi, Bibi. Tunataka umbo lake tu, tulichore."

Bibi hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alimwaga unga juu ya ubao, akausambaza kwa kiganja, akalaza mkono wake juu yake. "Kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole hiki. Pete hapa. Hapa kwenye pete pana pengo. Aliitumia kufungulia kopo la rangi, nikamwambia itavunjika, akaniambia mimi sijui chuma. Ikavunjika." Akachora kwa ukucha mistari miwili midogo. "Na hii iko chini ya mpini. Alikwaruza mwenyewe kwa msumari, siku aliyorudi. Mmoja yeye, mmoja mimi."

Dibaji aliandika: *Bandia mbaya kupita zote hutambulika kwa mistari miwili chini ya mpini, nembo ya kiwanda cha vifaa vya maigizo.*

Bibi aliomba asomewe. Akasomewa.

"Umeniita kiwanda," alisema.

"Ni ili airudishe, Bibi."

"Babu yako angekuchapa kwanza, ndipo angeuliza sababu." Lakini hakuufuta unga. Aliuacha ubaoni, na siku ile walichelewa kula.

Jioni Dibaji alisimama uani akipiga simu. Aliongea kwa sauti ya chini, na sauti ya chini ya Dibaji ilikuwa sawa na sauti ya kawaida ya mnadi. Upande wa pili alikuwa yule mgeni wa hotelini. Maana Dibaji alikuwa ameshaenda kumwona, na kutoka kwake alijifunza jambo moja: mnunuzi mzuri hacheki kitu kisicho na thamani. Anacheka ili bei ishuke.

"Zote, bwana mkubwa. Gunia zima. Ndiyo, na ile yenye pengo, hiyo hiyo yenye mistari miwili. Familia? Familia gani. Haina mwenyewe."

Ndani, nyundo ya Shangazi ilinyamaza. Kisha ikaendelea, taratibu zaidi.

Usimlaani Dibaji haraka. Wewe umeuza nini cha bibi yako ukamwambia kimepotea? Tuendelee.

*

Kitabu kilikuwa kizuri kiasi cha kumtia mtu uchungu. Shangazi alichukua karatasi tupu kutoka kwenye vitabu vya kale vilivyokufa, akazichovya kwenye chai, akazianika, akazipiga chapa. Michoro ilikuwa na vipimo vyake na mishale midogo. Jalada la ngozi alilisugua kwa majivu mpaka likaonekana limepita mikononi mwa majenerali watatu na mtoto mmoja mwenye jamu. Dibaji aliandika dibaji yenyewe, kurasa nane za machozi juu ya heshima ya mkusanyaji, na sura ya tatu, ile ya bandia. Zilizobaki alimwachia Shangazi.

Alipokabidhiwa alikipekua, akakwama mwishoni. Kurasa za mwisho zilikuwa bado zimeungana pembeni, hazifunguki.

"Shangazi, umesahau kukata huku."

"Sijasahau. Karatasi hukunjwa ndipo ishonwe, na vitabu vya zamani viliuzwa mikunjo yake ikiwa haijakatwa. Mwenye kitabu alichana mwenyewe kwa kisu. Akikuta mwisho haujafunguliwa, atajua hakuna jicho lililowahi kufika pale. Atajiona wa kwanza."

Dibaji alimbusu kichwani. "Na ndani umeandika nini?"

"Mambo ya ala na mikanda. Namna ya kupaka mafuta ngozi isipasuke. Nikusomee?"

"Ala na mikanda," alisema Dibaji, ambaye tayari alikuwa mlangoni. "Mungu akuzidishie, Shangazi. Ungekuwa mwanamume tungekuwa mbali."

"Tungekuwa gerezani," alisema Shangazi, akafuta gundi mikononi.

Kumuuzia Birika ilikuwa kazi ya kumzuia asinunue. Dibaji alimwonyesha kitabu akakificha. Alimruhusu anuse jalada. Alimwambia mwenye kitabu ameugua, amepona, amekataa, amelia. Birika aliongeza bahasha kila mara Dibaji alipotikisa kichwa, mpaka siku moja kichwa hakikutikisika. Kabla ya kukiachia, Dibaji alikiwekea kiganja juu.

"Jambo moja, Mzee. Hiki si kitabu cha kuamini nusu. Hakina kosa hata moja, tangu jalada la mbele mpaka la nyuma. Mtu atakayekwambia kina kosa, huyo ndiye tapeli."

"Unaapa?"

"Naapa mbele ya ukuta wako."

Bahasha yote iliishia kwa fundi wa springi, kasoro kidogo iliyonunua tai. Dibaji hakujali. Gunia la singe za kweli lingelipa yote hayo na kuzaa.

*

Alirudi kwa Birika akiwa na tai mpya na magunia mawili: moja lina dazeni ya singe za mfuo wa nyoka, zimechovywa kwenye maji ya chumvi zikaota kutu ya heshima, la pili tupu.

Sebule ya Birika ilijaa viti ambavyo bado vilikuwa na nailoni ya dukani. Ukutani singe zilikuwa zimepangwa kama meno. Mwenyewe alikuwa amekaa chini yake, kitabu mapajani, uso umemshuka mpaka kifuani.

"Nimefika sura ya tatu," alisema. "Pete ya mviringo. Mfuo ulionyooka. Nimezipima zote, Mtaalamu. Zote."

"Pole sana, Mzee."

"Na hii." Alinyoosha mkono akaitoa moja ukutani, yenye pengo kwenye pete. Akaigeuza. Mistari miwili. "Bandia mbaya kupita zote. Yule kikongwe alinitazama usoni bila kupepesa. Nilimpa birika lenye filimbi."

Dibaji alijikaza kisabuni asitabasamu. Alikaa, nailoni ikalia chini yake. "Haya mambo huwapata hata wakubwa. La muhimu yule mgeni wako asizikute tena. Mimi ninapita karibu na jalala. Kwa heshima ya urafiki wetu, nitakubebea aibu yako." Akakunjua gunia tupu. "Na hapa, usimwambie mtu, nimekuletea faraja."

Akafungua lile gunia jingine kidogo tu, kiasi cha kuonyesha mfuo mmoja unapinda.

Birika akakodoa macho. Mkono ukaanza kuelekea mfuko wa bahasha. Ukaishia njiani.

"Subiri," alisema. "Tufuate kitabu. Nimebakiza hizi za mwisho, zimegandana. Nisinunue kabla sijamaliza. Si uliniambia nisiamini nusu?"

"Hizo ni ala na mikanda, Mzee. Mafuta ya ngozi."

"Hata hivyo." Akaichukua singe ya Babu, ile ile, akapenyeza ncha yake kwenye mkunjo na kuuchana. Singe haikuumbwa kwa ukali wa makali, iliumbwa kwa ncha, kwa hiyo karatasi ilichanika kwa manung'uniko. Akachana na mwingine. Akalamba kidole, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikitembea chini ya maneno.

"*Sura ya Mwisho. Haki na Wajibu wa Mkusanyaji Anayeanza.*"

"Ala huja baadaye," alisema Dibaji.

"*Aliyepewa singe ya bandia asiitupe, wala asimpe mtu amtupie, kwani mwenye kujitolea kuibeba ana lake jambo.*" Birika aliinua macho, akalitazama gunia tupu lililokunjuliwa, akayashusha tena. "*Airudishe kwa mkono wake mwenyewe kwa yule yule aliyeitoa, naye ana haki ya kurudishiwa kile alichompa.*"

Dibaji alianza kulikunja tena lile gunia tupu.

"Mabirika yangu," alisema Birika kwa sauti ya mtu aliyeona mwanga.

"Mzee, mabirika yametumika..."

"Haki yangu imeandikwa hapa. Ngoja, pana chini yake. *Ama singe ya mfuo wa nyoka, hiyo haijawahi kuuzwa kihalali hata siku moja. Zilizopo zote ziliibwa katika ghala moja la jeshi. Atakayekuja kuiuza ashikwe. Singe zibaki pale pale mpaka wenye mamlaka wafike.*"

Birika alifunga kitabu polepole, kidole kikiwa bado ndani.

Dibaji alikuwa ameshawahi kukwama mahali pabaya, lakini siku zote palikuwa na mlango wa maneno. Sasa aliutafuta akakuta amejenga ukuta hapo kwa mikono yake. Akisema kitabu ni cha kweli, yeye ni mwizi wa ghala. Akisema ni cha uongo, yeye ni tapeli.

"Hiyo sura ina makosa ya chapa," alijaribu.

"Uliapa hakina kosa. Jalada hadi jalada. Ulisema atakayesema kina kosa ndiye tapeli."

"Niliapa kuhusu jalada, Mzee. Jalada halina kosa."

"Mlinzi," Birika aliita bila kupaza sauti, "funga geti."

Kuna watu ambao kuondoka kwao hufaa kusimuliwa kirefu. Kwa Dibaji kulikuwa kufupi. Alipiga abautani, akapita dirishani, tai ikabaki kwenye kitasa na kiatu cha kushoto kikabaki juu ya ukuta wa uzio. Gunia lenye dazeni lilibaki sebuleni. Hata lile tupu lilibaki.

*

Kesho yake gari la mizigo lilirudi mtaani. Safari hii mgawanyo wa mizigo ulikuwa kinyume: Birika alishuka na gazeti, akapanda na birika. Dibaji aliyatazama hayo akiwa nyuma ya pipa la maji uani kwao, mguu mmoja peku.

"Umenipa bandia, Mama. Chukua. Birika langu liko wapi?"

"Hili hapa. Lilitoboka siku ya pili, nimepandia maua. Utachukua na maua?"

Mwingine alimrudishia kifuniko peke yake, akasema birika lilienda kwa mkwewe na mkwewe haambiliki. Mwingine alidai alipwe kwanza gharama ya kuvumilia ile filimbi. Birika alichukua vilivyopatikana, akabishana kwa kila mpini, akasonga nyumba hadi nyumba akiwa na kitabu kwapani, mwenye haki aliyedhulumiwa, mpaka akafika kwa Bibi.

Bibi alimpokea mlangoni. Shangazi alikuwa nyuma yake, mikono ina gundi.

"Ulinitazama usoni bila kupepesa," alisema Birika, akimnyooshea singe.

"Macho yangu hayaoni vizuri tena, mwanangu. Nikipepesa nakupoteza." Bibi aliipokea singe. Hakuitazama. Alipitisha kidole gumba chini ya mpini, pale kwenye mistari, akakiacha hapo. "Lakini mimi siwezi kukaa nayo. Uliniambia ni kosa. Watakuja kunifunga."

"Hakuna kosa. Ni ya bandia."

"Sikusikii."

"Nasema si kosa kukaa nayo."

"Paza sauti. Majirani nao wana hofu ile ile uliyowapa."

Na Birika, aliyetaka tu birika lake, akageukia mtaa, akatangaza kwa sauti ya kuuzia vyombo kwamba si kosa kukaa na singe hizo, kwamba hakuna mtu wa serikali anayekuja, na kwamba atakayewaambia vingine anawatisha bure. Wanawake walisimama milangoni, singe mikononi, wakamsikiliza mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka. Walisubiri gari likunje kona, kisha mtaa mzima ukaangua kicheko kwa pamoja.

Dibaji alitoka nyuma ya pipa.

"Shangazi, umeniuza."

"Ulikuwa umeshajiuza. Simu yako unaongea kama uko mnadani. *Haina mwenyewe.*" Alisema maneno hayo kwa sauti yake Dibaji, akayapatia. "Nilitaka kusikia kama utaomba nikusomee ile sura. Nilikuuliza. Ungesema ndiyo, ningeichana mbele yako tukaanza upya. Ulikuwa na haraka."

"Nimepoteza kila kitu. Hata kiatu."

"Kiatu kitarudi. Kimepita mikononi mwa mtu ambaye sasa anarudisha vitu."

Jikoni, Bibi aliitupa fimbo motoni, akainua dirisha, akalishikiza kwa singe. Likakaa. Upepo ukaingia, na sauti ya Bibi ikatoka: "Mume wangu. Njoo ule, hata kama ni wa bandia."

Dibaji alikaa chini karibu na mlango, akala bila neno, na ni mara chache mno habari hiyo imewahi kuandikwa juu yake.

*

Ungependa hadithi iishie hapo, dirisha limeshikizwa na watu wanakula. Najua. Ndivyo unavyopenda.

Mgeni wa hotelini alichoka kumsubiri Dibaji, akaenda mwenyewe kwa Birika na bahasha yake. Akakuta ukuta mtupu, mabirika yenye matundu na singe za springi za lori. Safari hii hakucheka. Alikifungua kile kitabu, akasoma dibaji tu, kisha akamwambia tajiri wa watu ni nini hasa alichokirudisha kwa mikono yake.

Birika ameshanunua mabirika mengine. Ni ya umeme. Koti limeongezwa beji kifuani. Mtaa wa nyuma ya karakana hawezi kurudi, kule wameshamsikia kwa kinywa chake mwenyewe, na kule kuna bibi anayelala singe ikiwa mkono mmoja kutoka kwake. Kwa hiyo amegeuza usukani. Anakuja kwenu, kama ulivyomwona, ambako hakuna aliyemsikia akitangaza chochote, na ambako watu wana tabia ya kuinamia simu.

Kwa hiyo weka chini hiki unachokisoma. Nenda kwa bibi mwingine wa mtaani kwenu, ambaye bado hajafikiwa. Usimtume mtoto, nenda mwenyewe. Mwambie si kosa, mwambie kwa sauti mpaka nyumba za pembeni zisikie, mwombe akuonyeshe mumewe alirudi na nini. Kisha keti mlangoni pake, mtazame machoni huyo atakayekuja na birika, wala usipepese. Inuka. Gari lishaingia mtaani.